Bustani ya mimea haiishi kwa maji peke yake: mazungumzo, ngoma na siku za kujitolea

Leo salfa na mikorosho tuviweke pembeni kidogo, tuzungumze kuhusu bustani ya mimea. Najua utajiuliza, bwana shamba kapatwa na nini? Nivumilie, utaona inatuhusu sisi wa Masasi na Newala.

Misimu miwili iliyopita nilikuwa kwenye shamba darasa upande wa Newala. Pembeni kulikuwa na kichaka kinachosubiri kufyekwa ili ipandwe mikorosho. Babu mmoja akanipitisha mle ndani. Kila baada ya hatua chache anasimama: huu dawa ya tumbo, huu ukichuna gome lake unapata kamba, hapa chini kuna ming'oko, ule ni mpingo mchanga. Nikamwambia, babu, nitarudi na daftari tuandike yote. Nikaingia kwenye ratiba za salfa, mara mnada, mara taarifa za wilaya. Niliporudi, babu alishafariki na kichaka kimeshakuwa shamba. Nikawauliza vijana wake majina ya miti ile. Walinitajia minne tu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia wenzetu wanavyofanya ili vitu kama hivi visipotee.

Bustani ya mimea ni nini?

Ni eneo linalotunza mimea hai ya aina nyingi, kila mmea una kibao cha jina na kumbukumbu ya ulikotoka. Kwetu Afrika Mashariki si jambo geni. Dar es Salaam ipo moja, jirani na Makumbusho ya Taifa, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 ili kujaribu mazao ya biashara. Entebbe, Uganda, ilianza 1898. Amani, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, ilianza 1902. Nairobi kuna Arboretum, yaani bustani ya miti, tangu 1907. Ile ilianza kwa kujaribu miti inayokua haraka, kwa sababu reli ilihitaji kuni.

Lakini bustani ikishapandwa, nani ataitunza miaka 50 ijayo? Serikali ikibanwa na bajeti, bustani inakuwa pori au inakatwa viwanja. Zinazodumu ni zile ambazo wananchi wanaziona ni zao. Wananchi huvutwa kwa njia tatu.

1. Mazungumzo ya wazi

Mtaalamu anatembea na watu mti kwa mti, anaeleza, wanamuuliza. Nairobi kuna matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi, yanaanzia Makumbusho ya Taifa, na yamekuwepo tangu 1971. Zaidi ya miaka 50! Kinachoyadumisha ni kwamba siku haibadiliki na mgeni yeyote anakaribishwa.

Kwetu mtaalamu wa kwanza ni mzee wa kijiji, mganga wa miti shamba, au bibi anayejua kuchimba ming'oko. Mimi afisa ugani kazi yangu iwe kuandika. Jina la Kimakonde, la Kimakua au la Kiyao, jina la Kiswahili, matumizi, na mwezi wa kukusanya mbegu.

2. Muziki na ngoma

Mjini Cape Town, Afrika Kusini, kuna bustani ya Kirstenbosch iliyoanzishwa mwaka 1913 kwa ajili ya mimea ya asili ya kwao. Wakati wa kiangazi chao hufanya matamasha jioni za Jumapili. Watu wanakata tiketi, wanakuja na vyakula vyao, wanakaa kwenye majani wanasikiliza muziki. Mtu aliyekuja kwa ajili ya mwanamuziki anaondoka ameiona miti.

Sasa sisi wenye sindimba na mapiko tunashindwa nini? Tena ngoma zenyewe ni mimea: mzinga wa ngoma ni mti, na kinyago cha Mmakonde kilichotupa jina duniani kinachongwa kwa mpingo. Mpingo unachukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Anayeucheza leo na asiupande, wajukuu watauona kwenye picha.

3. Kazi ya kujitolea

Arboretum ya Nairobi ilikuwa imechakaa, na miaka ya 1990 wananchi wakaunda kikundi cha marafiki wa bustani kushirikiana na idara ya misitu. Kirstenbosch nayo ina chama cha wanachama tangu mwaka ule ule wa 1913. Kazi zenyewe ni tunazozijua: kupalilia, kuandika vibao, kukusanya mbegu, kuongoza wageni.

Kujitolea kunakufa pale ambapo kazi haijapangwa. Watu 40 wanafika, majembe manne, wanakaa kivulini hadi saa sita. Mwezi unaofuata hawaji. Gawa kazi kabla ya siku, na kazi iishe saa nne asubuhi.

Tunaanzaje hapa kwetu?

Nusu ekari inatosha. Fuata hatua hizi:

- Chagua kichaka ambacho bado kipo. Msianze na eneo tupu, maana kutunza ni rahisi kuliko kupanda upya.
- Uamuzi upite mkutano mkuu wa kijiji na uandikwe kwenye muhtasari. Bila maandishi, uongozi ujao unaweza kugawa eneo.
- Zungusheni barabara ya moto, upana wa mita tano, kabla kiangazi hakijakolea. Moto wa siku moja unafuta kazi ya miaka.
- Pandeni mvua zikishatulia, Desemba mwishoni au Januari. Uwandani maji ni ya kununua, kwa hiyo wekeni matandazo, na kila mche uwe na mtoto wa shule anayeujua kwa jina. Nimeshaona miti ya sherehe ikipandwa mbele ya mgeni rasmi, picha zikapigwa, na mwezi wa nane imekauka yote.
- Ming'oko mkichimba, rudisheni kichwa ardhini kama tunavyofanya kwa viazi vikuu.
- Msilete miti ya mbali ovyo. Kule Usambara mti uitwao Maesopsis ulipandwa kwa nia nzuri, leo umevamia msitu wa asili.
- Pangeni kalenda: mazungumzo Jumamosi moja kila mwezi, kazi ya pamoja mara mbili kwa msimu, na ngoma mwezi wa sita shule zikifunga na mahindi yakiwa yameshavunwa.

Gharama? Vibao vya mbao na rangi, viriba, daftari moja gumu. AMCOS ikiamua kuchangia kidogo baada ya mnada, inatosha kuanza.

Wengine watasema korosho ndiyo hela, kichaka hakilipi. Nakubali korosho inalipa, nami ndiyo kazi yangu. Lakini korosho ikiyumba bei au ubwiriunga ukizidi, wengi wetu tumeona kina mama wakiingia kichakani na jembe, jioni familia inakula ming'oko. Kichaka kikiisha, wataingia wapi?

Kwa hiyo naomba kitu kimoja wiki hii. Mtafute babu au bibi anayejua miti kijijini kwako, nenda naye kichakani na daftari na kalamu. Andika majina kumi. Usimwambie utarudi.

Tukutane shambani.