Kupanga kwa kipimo: Dantzig, chapati za Umoja na maana ya ‘angalau’

IPO mada moja ya hisabati ya kidato cha nne ambayo hesabu zake ni za kujumlisha na kuzidisha tu, lakini humtoa mtu jasho. Kwa Kiingereza huitwa ‘linear programming’. Mtahini huandika kisa: fulani ana magari ya aina mbili, mizigo kadhaa na pesa kiasi fulani. Mwanafunzi anatakiwa akigeuze kisa hicho kiwe alama, achore grafu, kisha aseme ni mpango upi unaoleta faida kubwa zaidi au gharama ndogo zaidi.

Maoni yangu ni kwamba anayekwama hapa aghalabu hukwama kwenye lugha kabla ya kukwama kwenye hesabu. Nitalieleza hilo kwa kumtazama mwanahisabati aliyeijenga mada yenyewe, Mmarekani George Dantzig, na kwa kukitazama kibanda cha chapati mtaani Umoja, hapa Eastlands, ambacho nimekibuni kwa ajili ya makala haya.

Dantzig alizaliwa Portland, katika jimbo la Oregon, tarehe 8 Novemba 1914. Wazazi wake walimwita George Bernard kwa heshima ya mwandishi wa tamthilia, George Bernard Shaw, wakitumaini kwamba mwana wao naye angekuwa mwandishi. Babake, Tobias Dantzig, alikuwa mwanahisabati ambaye mnamo 1930 alichapisha kitabu mashuhuri kinachoieleza namba kama lugha ya sayansi.

Kisa chake kinachosimuliwa zaidi ni cha mwaka wa 1939. Akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichelewa kuingia katika darasa la Profesa Jerzy Neyman. Akakuta maswali mawili ubaoni, akayanakili akidhani ni kazi ya ziada ya nyumbani, akayafanya na kuyawasilisha. Kumbe yalikuwa maswali ya takwimu ambayo wataalamu walikuwa hawajayatatua!

Hata hivyo, mchango wake mkubwa ulikuja baadaye. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alifanya kazi ya takwimu katika kikosi cha anga cha jeshi la Marekani. Vita vilipokwisha, wenzake katika makao makuu ya jeshi walimpa changamoto: je, mipango ya mafunzo, vifaa na watu haiwezi kutengenezwa kwa mashine?

Dantzig aligundua kwamba shida ya kwanza haikuwa mashine. Wapangaji hawakuwa na lengo lililosemwa waziwazi. Alikuja kueleza kwamba ungemuuliza kamanda lengo lake, angekujibu kuwa ni kushinda vita. Ungemsukuma afafanue, wa majini angesema ni kuunda manowari, na wa angani angesema ni kuunda ndege za kuangusha mabomu. Yaani njia iligeuzwa kuwa lengo. Kwa hivyo, mnamo 1947, Dantzig alidai mambo mawili yaandikwe kabla ya hesabu yoyote: lengo ni lipi, na mipaka ni ipi. Kisha akabuni mbinu ya kupata jibu, mbinu inayojulikana kama simpleksi.

Haki itendeke: mnamo 1939, Leonid Kantorovich wa Leningrad alikuwa tayari amelishughulikia swali la aina hii, baada ya kiwanda cha mbao za plaiwudi kumwomba ushauri kuhusu matumizi bora ya mashine zake. Kazi yake haikufahamika Magharibi kwa miaka mingi. Mnamo 1975 yeye na Tjalling Koopmans walituzwa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Dantzig hakutajwa, jambo lililowashangaza wengi.

Sasa twende Umoja. Mwenye kibanda chetu hupika chapati na mandazi. Kwa siku ana unga wa kilo 12 na muda wa dakika 360. Kilo moja ya unga ikiwa chapati humchukua dakika 40, maana kusukuma na kuchoma ni kazi. Ikiwa mandazi, dakika 20. Baada ya kutoa gharama zote, kilo ya chapati humpa faida ya shilingi 90, na ya mandazi shilingi 60. Isitoshe, wateja wa hapo stejini hawawezi kumaliza mandazi ya zaidi ya kilo 8. Je, apike nini, kiasi gani?

Mtu wa haraka atasema, “Chapo ndizo zinalipa, apige chapo tu!” Muda utamruhusu kupika kilo 9 za chapati, apate shilingi 810, na unga wa kilo 3 ubaki. Mwingine atasema apike mandazi hadi soko litosheke, yaani kilo 8, kisha unga uliobaki, kilo 4, uwe chapati. Hapo atapata 840. Ila akipika kilo 6 za chapati na 6 za mandazi, unga unaisha, dakika 360 zinaisha, na faida ni shilingi 900. Hakuna mchanganyiko unaoishinda hiyo.

Tunajuaje? Ukichora mipaka yote mitatu kwenye grafu, kila mmoja ni mstari mnyoofu. Mistari hiyo, pamoja na ukweli kwamba huwezi kupika kilo pungufu ya sufuri, inazingira kiwanja chenye pembe tano, au kona kama tunavyosema mitaani. Kila nukta iliyomo kiwanjani ni mpango unaowezekana. Nukta hizo hazihesabiki, lakini kwa kuwa faida nayo huongezeka kwa kiwango kilekile kwa kila kilo, mpango bora hupatikana kwenye kona. Unapima kona tano badala ya nukta zisizo na idadi.

Kwa kibanda, kona tano ni chache. Chukua sasa sako yenye madereva 70 na matatu 70, itafute namna bora ya kumpa kila dereva gari. Idadi ya njia za kuwagawa ni namba yenye tarakimu 101. Kuzipima zote ni muhali. Mbinu ya simpleksi huanzia kona moja, ikauliza: kati ya kona jirani, ipo iliyo bora kuliko hii? Ikiwapo, inahamia huko na kuuliza tena. Isipokuwapo, imefika. Haihitaji kuogopa kwamba kona nzuri zaidi imefichwa mbali, kwa sababu kiwanja cha aina hii hakina mabonde ya kumhadaa msafiri.

Mbinu hii hutoa zawadi nyingine ambayo binafsi naithamini kuliko jibu lenyewe. Hutaja bei ya kila mpaka. Mwenye kibanda akipata kilo moja zaidi ya unga, mpango wake bora unakuwa kilo 5 za chapati na 8 za mandazi, na faida inafika 930. Kwa hiyo kilo hiyo ina thamani ya shilingi 30 juu ya bei yake ya kawaida. Akipata saa moja zaidi, faida inapanda kwa shilingi 90. Basi kijana akimwambia, “Nipe mia moja na hamsini kwa saa nikusaidie kusukuma,” jibu ni la. Na akitafutiwa wateja zaidi wa mandazi? Hawatamwongezea hata ndururu, maana unga na muda vimemfunga kabla ya soko kumfunga.

Nirudi kwenye lugha. Tuseme mwenye kibanda alikuwa ameahidi kumpelekea jirani mandazi ya kilo zisizopungua 7 kila siku. Mpango bora sasa ni kilo 5 za chapati na 7 za mandazi, na faida inashuka hadi 870. Ahadi ile ina bei ya shilingi 30. Lakini hesabu haiwezi kuijua ahadi ambayo haikutamkwa.

Dantzig mwenyewe alilionja hilo. Mnamo 1945 mwanauchumi George Stigler aliuliza: mwanamume anaweza kupata virutubisho vyote anavyohitaji kwa mwaka kwa gharama ndogo kiasi gani? Alikuwa na vyakula 77 na mahitaji 9 ya lishe. Kwa makadirio ya ustadi alipata dola 39.93 kwa bei za 1939, mlo ukiwa unga wa ngano, maziwa ya mkebe, kabeji, spinachi na maharagwe. Mnamo 1947 mbinu ya Dantzig ilijaribiwa kwa swali hilohilo. Kwa mashine za mezani, kazi ilichukua siku 120 za mtu mmoja. Jibu: dola 39.69. Stigler alikuwa amekosea kwa senti 24 tu.

Miaka ya hamsini Dantzig alitaka kupunguza uzani, akaamua kompyuta impangie mlo utakaomshibisha. Ikamwagiza anywe galoni 500 za siki! Siki ilipoondolewa, ikampa vipande 200 vya mchemsho wa supu kwa siku, vile vya chumvi kama tuvijuavyo madukani. Kompyuta haikukosea. Hakuna aliyekuwa ameiambia kwamba chumvi ina kikomo. Ikabidi mipaka iandikwe upya, mmoja baada ya mwingine.

Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya hisabati hii ni ya maneno. Na hapo Kiswahili kina utajiri na mitego yake. Tazama neno ‘angalau’. Mtahini akisema mandazi ni angalau kilo 7, anajumuisha 7 na kila kilicho juu yake. Lakini katika mazungumzo yetu ‘angalau’ ni neno la kujiliwaza pia: “Angalau leo maji yamefika.” ‘Zaidi ya 7’ nalo haliijumuishi 7 yenyewe, ingawa mitaani hutumiwa hovyo. ‘Hadi’ na ‘mpaka’ huacha shaka: gari la kubeba hadi abiria 14, je, yule wa 14 anapanda au anabaki? Makanga atakujibu, ila mtihani hauna makanga.

Mimi ningependekeza walimu na wanahabari washike jozi moja isiyo na utata: ‘isiyopungua’ na ‘isiyozidi’. Kilo zisizopungua 7. Abiria wasiozidi 14. Namba iliyotajwa imo ndani, bila mjadala. Zikitumika hizo, kugeuza kisa kuwa alama kunakuwa karibu kazi ya kunakili.

Na mada yenyewe tuiiteje? Wapo wanaopendelea ‘programu’, lakini siku hizi neno hilo limemezwa na kompyuta. Alipolitumia Dantzig, neno la Kiingereza lilikuwa la kijeshi, likimaanisha ratiba na mpango wa vifaa na watu. Koopmans ndiye aliyependekeza jina fupi linalotumika sasa, mnamo 1948. Kwa hivyo Kiswahili kikisema ‘upangaji’, kinaikaribia maana ya awali kuliko hata Kiingereza cha leo. Tena neno hilo lina historia kwetu: mwaka wa 1969 Mwalimu Julius Nyerere aliipa hotuba yake kuhusu mpango wa maendeleo wa Tanzania anwani ‘Kupanga ni Kuchagua’. Dantzig angeafiki bila kusita.

Tatizo ni sehemu ya pili. ‘Upangaji wa mstari’ humfanya msikilizaji afikirie watoto wakipanga laini paredi, au foleni ya maji. Kinachokusudiwa si kupanga mstari bali kupanga kwa mambo yanayofuata mstari mnyoofu. Kwa sababu hiyo napendelea ‘upangaji mnyoofu’. Ni fupi, na humkumbusha mwanafunzi sharti la mbinu hii: ukiongeza kilo, faida huongezeka kwa kiwango kilekile, bila kupinda.

Dantzig alifariki tarehe 13 Mei 2005, akiwa na umri wa miaka 90. Mbinu yake hupanga safari za ndege, kazi za viwanda na mitambo ya mafuta. Anayeishi Eastlands, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Dandora na Kayole, hupanga vilevile kila asubuhi: nauli, unga, kodi ya nyumba, karo. Lengo lake analijua moyoni, na mipaka anaigonga kila siku. Wanafunzi wa mitaa hii basi hawaingii darasani mikono mitupu. Waulizwe kwanza, kwa lugha wanayoiota: unataka nini, na ni nini kinachokuzuia? Wakishayajibu hayo kwa maneno yasiyo na utata, grafu itachoreka.