Fomu inapouliza jina la ukoo

Ukishuka Marble Arch, katikati ya London, na kuifuata Edgware Road kuelekea kaskazini-magharibi, utaiona barabara iliyonyooka kama uzi, kwani imefuata njia iliyojengwa na Warumi wa kale. Leo mabango yake mengi yameandikwa Kiarabu. Kuna mikahawa ya Kilebanoni, wauza nyama ya halali, wauza manukato, na maduka ya kubadilisha na kutuma fedha.

Wazanzibari, Wasomali na Waomani wanaoishi London huja hapa kununua, kuzungumza, na kupeleka chochote nyumbani. Na ni mbele ya kaunta za kutumia fedha ndipo swali moja dogo huwasumbua watu wazima wenye akili zao: jina lako la ukoo ni lipi?

Tuchukue mfano wa mtu aitwaye Juma Hamad Khamis. Juma ndilo jina lake, Hamad ni babake, Khamis ni babu yake. Jina la ukoo, kwa maana wanayoikusudia Waingereza, hana. Lakini fomu haikubali nafasi tupu, basi huandika Khamis, na tangu hapo karani humwita Bwana Khamis, yaani kwa jina la babu aliyekwisha kuzikwa Pemba.

Usumbufu huwa mkubwa zaidi upande wa pili. Mama anayepelekewa fedha hana jina hata moja linalofanana na la mwanawe, kwa sababu yeye naye ametajwa kwa babake. Mtumaji akiandika kwa mazoea jina ambalo mama huitwa mtaani, nalo lisioane na lililo kwenye kitambulisho chake, fedha hulala huko huko. Wakati huo mgonjwa anasubiri dawa.

Mnyororo wa majina

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, jina kamili la Mwislamu ni nasaba iliyofupishwa. Zamani viungo vyake vilionekana wazi: fulani bin fulani, au binti fulani. Maneno hayo yameanguka katika hati nyingi, lakini mnyororo umebaki.

Rais wa kwanza wa Zanzibar aliitwa Abeid Amani Karume. Mwanawe, aliyeiongoza Zanzibar kuanzia mwaka 2000 hadi 2010, ni Amani Abeid Karume. Mgeni anaweza kudhani mchapishaji amegeuza majina. Hakuna kosa: mjukuu amepewa jina la babu, kama ilivyo desturi, kisha likafuata la baba.

Mwanamke naye habadilishi nasaba kwa kuolewa. Rais Samia Suluhu Hassan ameolewa na Hafidh Ameir, na binti yao, ambaye pia ni mwanasiasa, ni Wanu Hafidh Ameir. Kila mmoja ametajwa kwa babake. Kwa macho ya afisa wa uhamiaji wa Ulaya, mama na binti hawana jina la pamoja.

Wasomali hufuata utaratibu huo huo wa jina la mtoto, la baba na la babu, na kwao kuyajua majina ya mababu wengi kwa moyo ni sehemu ya malezi. Ndiyo maana habari ya mwaka 2022 iliwagusa wengi, pale mwanariadha wa Uingereza Mo Farah alipofichua kwamba jina lake la kuzaliwa ni Hussein Abdi Kahin, na kwamba aliletwa Uingereza akiwa mtoto kwa jina la mtoto mwingine. Abdi ni babake, aliyeuawa katika vita vya Somalia. Kwa kupewa jina jingine, mtoto huyo alinyang'anywa pia jina la babake.

Wengine nao

Asidhani msikilizaji kwamba ni sisi tu tunaogombana na fomu. Ban Ki-moon wa Korea Kusini alipoanza kazi ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2007, na Asha-Rose Migiro wa Tanzania akawa naibu wake, watangazaji tulilazimika kukumbushana kuwa huyu ni Bwana Ban, si Bwana Moon. Wakorea hutanguliza jina la ukoo, na jina la mtu mwenyewe, aghalabu la silabi mbili, hufuata. Mara nyingi silabi moja kati ya hizo hushirikiwa na ndugu wa kizazi kimoja, hivyo jina hueleza mtu yuko daraja gani katika ukoo.

Majina ya ukoo yenyewe ni machache. Matatu tu, Kim, Lee na Park, yanakaribia kuwabeba nusu ya Wakorea Kusini wote. Kwa hiyo ukoo hutofautishwa kwa mahali ulikoanzia, na sheria ilikataza ndoa kati ya watu wenye jina moja na asili moja, hadi Mahakama ya Katiba ilipoamua mwaka 1997 kwamba katazo hilo linakiuka katiba. Na mke wa Kikorea, kama mke wa Kizanzibari, hubaki na jina la babake.

Tofauti ni kwamba Mkorea anacho cha kujaza katika nafasi ile, hata kama kimeandikwa mahali pasipotarajiwa. Juma hana.

Mtoto wa London

Mambo huwa mazito Juma anapopata binti, tuseme Salma. Kwa desturi ataitwa Salma Juma Hamad. Kwa mazoea ya Waingereza ataitwa Salma Khamis.

Akifuata desturi, nyumba moja itakuwa na majina matatu ya mwisho: la baba, la mama na la mtoto. Mama akisafiri na Salma anaweza kuulizwa uwanja wa ndege kama kweli ni mwanawe, na busara ni kubeba cheti cha kuzaliwa. Akifuata mazoea ya Waingereza, maafisa watatulia, lakini jina la Juma mwenyewe litatoweka kwa binti yake, na Khamis, aliyekuwa babu wa mtu mmoja, atageuka ukoo wa wote watakaozaliwa.

Hilo si geni hata nyumbani. Ali Hassan Mwinyi alimzaa Hussein Ali Mwinyi, Rais wa Zanzibar tangu 2020. Mnyororo ungefuatwa kikamilifu, jina la tatu lingekuwa Hassan.

Sheria ya Uingereza haimlazimishi Juma. Wazazi wana hiari ya kumwandikisha mtoto kwa jina la mwisho walitakalo, mradi waende kwa msajili ndani ya siku 42. Salma atakuwa amekwisha kupewa jina lake siku ya saba, pamoja na akika. Zitabaki siku 35 za kuamua lipi lifuate.