Linux: Programu isiyosakinishwa na faili fupi inayoifungua

Programu nzima inaweza kubebwa ndani ya faili moja kwenye flashi na kuendeshwa bila kusakinishwa. Hata hivyo, haitaonekana katika menyu ya kompyuta hadi mtumiaji aiandikie njia ya mkato, na hapo ndipo umakini unapohitajika.

Kwenye Linux, programu nyingi za aina hiyo hutolewa kwa muundo wa AppImage, ambao chimbuko lake ni mradi wa klik ulioanzishwa na Simon Peter mwaka 2004. Kwa kawaida haihitaji nenosiri la msimamizi, jambo linalomfaa anayetumia kompyuta ya shule au ya ofisi.

Kwanza, faili huhamishiwa mahali pa kudumu. Ikiachwa katika folda ya vitu vilivyopakuliwa, itafutwa siku ya usafi na njia ya mkato itabaki ikielekeza pasipo kitu. Inafaa pia kuondoa namba ya toleo katika jina lake, ili toleo jipya lichukue nafasi ya la zamani bila kuvuruga chochote. Kisha faili hupewa ruhusa ya kuendeshwa kupitia sifa zake.

Njia ya mkato yenyewe ni maandishi ya kawaida. Huhifadhiwa katika folda ya .local/share/applications, iliyomo ndani ya folda ya nyumbani ya mtumiaji, kwa jina linaloishia na .desktop:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Kihariri Picha
Exec=/home/asha/Programu/kihariri.AppImage
Icon=/home/asha/Programu/kihariri.png
Terminal=false

Mstari wa Exec ndio moyo wa faili hiyo. Anwani huandikwa kwa ukamilifu kuanzia mkwaju wa kwanza. Alama ya ~ haikubaliki, na anwani yenye nafasi kati ya maneno huwekwa ndani ya alama za kunukuu.

Programu ikikataa kufunguka, kosa huenda lisiwe la njia ya mkato. Tangu Ubuntu 22.04, maktaba ya libfuse2, inayotegemewa na AppImage nyingi, haiji na mfumo. Kuiongeza kunahitaji nenosiri lile lile la msimamizi ambalo mtumiaji alidhani ameliepuka.

Suala zito zaidi ni la usalama. Jina na picha havina uhusiano wa lazima na amri iliyo katika Exec: mtu anaweza kuandika jina la kivinjari maarufu, akaweka nembo yake, kisha akaamuru faili zifutwe. Kwa sababu hiyo, faili ya .desktop iliyowekwa kwenye eneokazi la Ubuntu haifunguki hadi mtumiaji aibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua "Allow Launching". Iliyowekwa katika folda ya menyu haiulizwi swali hilo. Kwa anayepokea faili kama hiyo kutoka kwa mwingine, kinga iliyopo ni kuifungua kwanza kwa kihariri cha maandishi na kuusoma mstari wa Exec kabla ya kuihamishia huko.