Fahamu: Mjamzito akianguka, msisubiri damu
Mjamzito wa Shumba akianguka na pikipiki, hata akisema hajambo, apelekwe hospitali ya Micheweni. Kondo la nyuma linaweza kubanduka, damu ikajikusanya ndani ya mji wa mimba bila tone kuonekana nje. Hapo ndipo hatari ilipo. Ndiyo maana mimba ikishakua, mapigo ya moyo wa mtoto hufuatiliwa kwa saa 4 au zaidi.

Kuanzia wiki 20 asilazwe chali, maana mimba hubana mshipa mkubwa wa damu. Alale ubavu wa kushoto. Akishukiwa kuumia uti wa mgongo, ubao wote aliolazwa uinamishwe kushoto. Mwenye damu ya Rh hasi huhitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72 tangu aanguke.

Tumbo likiuma au mtoto asipocheza, tafadhali msingoje asubuhi.