Kuku Chotara: Tusinunue Jina

Ndugu Wanachama,

Baada ya mavuno ya karafuu, fedha ikiwamo mkononi, wauzaji hupita na vifaranga wakisema ni kuchi, na bei huwa ya kuchi. Yafaa tujue namna ya kuwatazama.

Kwanza, alama moja si nasaba. Shingo tupu, kwa mfano, kifaranga huirithi hata kwa mzazi mmoja tu. Mzazi wa pili aweza kuwa na manyoya tele shingoni. Aliyerithi upande mmoja kwa kawaida hubakiwa na kishada cha manyoya mbele ya shingo. Aliyerithi pande zote mbili huwa mtupu zaidi. Basi kishingo naye aweza kuwa chotara.

Kuchi hasa ni mrefu wa miguu na shingo, na upanga wake ni mfupi. Lakini pora yeyote wa miezi miwili huonekana mrefu, na rangi nayo hubadilika manyoya ya utoto yakipukutika.

Kwa hiyo, mwenye vifaranga asiharakishe kuwauza wala kuwachinja. Na angoje miezi minne au mitano. Hapo manyoya membamba yenye ncha kali kiunoni humwonyesha jogoo. Ya mtetea huwa na ncha ya mviringo.

Na anayetaka mbegu ya kuchi aombe kuonyeshwa baba na mama, wote wawili. Asipoonyeshwa, alipe bei ya kuku wa uani.

Wasalaam,
Katibu