Seva moja, wapangaji wengi: Nani analinda daftari lako la biashara?

NAKIVALE/MBARARA

Mfanyabiashara anayenunua mahindi na maharage Nakivale na kuyauza Mbarara anaweza leo kuliacha daftari la karatasi nyumbani. Majina ya wadaiwa, oda za wateja wa upande wa Tanzania na hesabu za malipo, vyote vimo kwenye programu ya simu.

Hata hivyo, simu ni dirisha tu. Mara nyingi daftari lenyewe liko kwenye seva ya kukodi, pengine Afrika Kusini au Ulaya, na seva hiyo inatumiwa pia na watu ambao mfanyabiashara huyo hatawajua kamwe.

Kwa kawaida kampuni za seva hazimkodishii kila mteja kompyuta nzima. Huigawa moja kubwa kuwa kadhaa za kuigiza, ziitwazo mashine pepe. Kila mashine pepe ina mfumo endeshi wenye kiini chake, na kiini hicho hufanya kazi kana kwamba kompyuta yote ni yake. Chini yake kuna programu msimamizi inayogawa prosesa na kumbukumbu. Xen, msimamizi wa aina hiyo aliyetoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 2003, ndiye aliyetumiwa na Amazon ilipoanza kukodisha mashine pepe mwaka 2006.

Chukua mfano wa ghala moja la sokoni lenye wapangaji wengi. Mpangaji anaomba gunia la rafu namba 5. Mwenye ghala anaangalia kitabu chake na kukuta kwamba namba 5 ya mpangaji huyo ni namba 305 ya ghala. Mpangaji haioni namba halisi, hivyo hawezi kuomba gunia la jirani.

Ulinzi huo una gharama. Katika prosesa nyingi, kutafuta anwani moja kwenye kumbukumbu huhitaji hatua 4. Ndani ya mashine pepe, kwa kuwa vitabu ni viwili, hatua zinaweza kufika 24. Prosesa hupunguza kazi hiyo kwa kukumbuka majibu ya karibuni. Bado jirani mwenye kazi nzito anaweza kukuchelewesha, kwa kuwa prosesa na diski mnachangia. Ndiyo maana programu inaweza kusuasua siku ya soko ilhali mtandao uko sawa.

Mwaka 2018 ulionyesha kwamba hata ukuta wenyewe unaweza kuwa na ufa. Januari zilitangazwa kasoro za prosesa zilizoitwa Meltdown na Spectre. Agosti ikafuata Foreshadow, ambayo katika prosesa za Intel iliwezesha mashine pepe moja kuchungulia data za nyingine. Marekebisho yalitolewa, lakini baadhi yalipunguza kasi ya kompyuta. Asiyeyaweka alibaki na kasi yake, na ufa wake.

Kwa Nakivale jambo hili ni zito zaidi. Makazi hayo ya wilaya ya Isingiro yana watu waliokimbia Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Orodha ya wadaiwa yenye majina, namba za simu na mahali wanapoishi, kama Juru au Rubondo, inaweza kumfichua mtu anayetafutwa na waliomfukuza kwao.

Sheria nayo inamgusa mfanyabiashara. Uganda na Kenya zilipitisha sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022. Sheria ya Uganda inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde, hata kama kazi ya kuzihifadhi ameikabidhi kwa mwingine.

Kabla ya kulipia programu ya hesabu, muulize muuzaji maswali manne. Data zinakaa nchi gani? Marekebisho ya usalama huwekwa kila baada ya muda gani? Je, data zimefungwa kwa ufunguo wa siri, na nani anaushika? Nakala ya akiba iko wapi?

Akishindwa kujibu, usimkabidhi majina ya wateja wako.