Siku 23 Kwenda, Miezi Mitatu Kurudi

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo sungura apumzike. Nina kisa cha upepo, tena cha kweli.

Tarehe 24 Aprili 1498, Mreno Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi, akiongozwa na rubani aliyepewa na Sultani wa mji. Siku kama 23 tu, wakaiona India. Kurudi sasa! Waliikata bahari ile ile kuanzia Oktoba, na ikawachukua karibu miezi mitatu. Leo shwari, kesho upepo wa mbele. Kiseyeye kikawavimbisha ufizi, na watu wapatao 30 wakafia njiani.

Bahari ni moja. Kilichobadilika ni nini?

Mmewahi kukanyaga mchanga wa pwani saa saba mchana? Unaunguza nyayo mpaka mnakimbilia majini, na maji yenyewe ni baridi, ilhali jua ni lile lile. Nchi kavu hushika joto upesi na kulipoteza upesi. Bahari ni nzito kwa yote mawili. Sasa chukueni bara zima la Asia. Kuanzia Aprili linawaka kama kikaango. Hewa iliyo juu yake inapata joto, inakuwa nyepesi, inapaa kama moshi wa jiko, na hewa ya baharini inakuja mbio kushika nafasi yake, hata kutoka ng'ambo ya Ikweta. Hiyo ndiyo kusi. Ikifika Desemba Asia imepoa, hewa yake imekuwa nzito, inateremka kuja kwetu. Hiyo ni kaskazi, iliyoleta majahazi ya Arabuni na India hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Manahodha wakauza tende, wakanunua boriti, wakangoja kusi iwarudishe kwao.

Lakini mbona kusi haiendi moja kwa moja kaskazini? Hapa ndipo ninapopapenda. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na kwenye Ikweta ardhi inakimbia zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Kadiri unavyokaribia ncha, mwendo unapungua. Upepo unaotoka kusini kuja Ikweta unaachwa nyuma na ardhi, kwa hiyo unapinda magharibi. Ukishavuka, mambo yanageuka: umebeba kasi ya Ikweta, unaitangulia ardhi, unapinda mashariki. Moja kwa moja hadi India!

Pepo za pande mbili za Ikweta zinapokutana, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa, ikawa mawingu. Ukanda huo wa mvua hulifuata jua, kwa hiyo hutupitia mara mbili: masika, kisha vuli. Baina ya kusi na kaskazi kuna tanga mbili, upepo usiojua unakwenda wapi. Ndimo alimoingia Da Gama. Angengoja Desemba, kaskazi ingemleta.

Alipofika Malindi Januari 1499, mabaharia hawakutosha tena kuendesha merikebu zote. Moja, São Rafael, wakaichoma moto karibu na Mombasa. Zilizobaki zikapandisha matanga, na safari hii kaskazi ilikuwa mgongoni. Tarehe 20 Machi walikuwa wameshaizunguka Rasi ya Tumaini Jema.